Tumeilaumu disk, tukalisahau bweni

Kila mjadala wa lugha ya mama unapozuka humu nchini, jina la Ngũgĩ wa Thiong'o halikosi kutajwa. Tangu alipofariki Mei 2025, limetajwa maradufu. Anayetetea lugha za kiasili hukimbilia kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986, na humo hukimbilia kisa kimoja: mtoto aliyenaswa akisema Kikuyu shuleni anachapwa viboko, anatozwa faini, au anavishwa shingoni kibao cha chuma chenye maneno ya kumdhalilisha. Sisi tuliosomea Bonde la Ufa hatuhitaji kuelezwa. Kibao hicho tulikiita disk. Kwingine kiliitwa monita. Kiliweza kuwa kipande cha mbao au hata mfupa wa ng'ombe uliotungwa kamba. Aliyepatikana nacho jioni alikiona cha mtema kuni.

Sina ugomvi na kisa hicho. Kilitokea, na katika shule kadhaa kingali kinatokea, japo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku adhabu ya kumdhalilisha mtoto kimwili au kisaikolojia. Ugomvi wangu ni na namna tunavyokisoma. Wahakiki wengi wamekigeuza kuwa maelezo ya kila lugha inayofifia Kenya, ilhali huo ni ushahidi wa mwanafunzi wa kutwa, tena msemaji wa lugha kubwa. Ukiuchukua ushahidi huo ukaupeleka Mau, kwa Waogiek wa Mariashoni, Nessuit na Tinet, utakuta haukutoshi. Lugha ndogo za Bonde la Ufa hazikuhitaji disk ili zififie. Zilihitaji mtoto aondolewe mahali ambapo maneno hukaa, basi. Kazi hiyo aliifanya mwingine, naye ni bweni.

Hebu tukirudie kitabu chenyewe. Ngũgĩ anaanza na jioni za nyumbani, hadithi zikitambwa kando ya moto, watoto wakijifunza utamu na uzito wa neno kabla hawajajua herufi. Kisha anatupeleka shuleni, ambako baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952 shule huru za Wakikuyu zilitwaliwa na serikali ya kikoloni na Kiingereza kikawa mfalme. Uchungu wa sura hiyo unatokana na kugongana kwa dunia mbili, ya nyumbani na ya darasani. Lakini tusisahau kwamba dunia zote mbili zilikuwepo, na mtoto alizivuka kila siku. Asubuhi alivishwa kibao, jioni alirudi kwa mama yake akasikia Kikuyu kile kile alichoadhibiwa kwacho. Alipoingia bwenini katika shule ya upili ya Alliance mwaka 1955, alikuwa kijana wa miaka 17. Lugha ilikuwa imeshajenga nyumba ndani yake. Ndiyo maana mwaka 1977 aliweza kurudi Kamĩrĩĩthũ na kushirikiana na wanakijiji kuandaa mchezo kwa Kikuyu, kisha akiwa kizuizini Kamiti akaandika riwaya kwa lugha hiyo juu ya karatasi za chooni. Mtu hawezi kurudia lugha asiyokuwa nayo.

Kwa hivyo disk, pamoja na ukatili wake wote, ilimwachia Ngũgĩ lugha yake. Ilimtia aibu, haikumtia ububu. Naona hapa ndipo uhakiki wetu umeteleza. Tumeyachanganya mambo mawili: kumwadhibu mtoto kwa sababu ya lugha, na kumtenga mtoto na wenye lugha. La kwanza huvuruga mapenzi yake kwa lugha. La pili hukata mrija wenyewe.

Tofauti hii inaonekana wazi katika historia ya Canada, ambako takriban watoto 150,000 wa jamii za asili walipitia shule za bweni zilizoendeshwa na serikali kwa kushirikiana na makanisa. Kuanzia mwaka 1920 sheria iliwalazimisha kuhudhuria. Walipigwa kwa kusema lugha zao, naam, na mengine mabaya zaidi yalitendeka. Lakini kusudi la sera, kama Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo ilivyoonyesha katika ripoti yake ya 2015, lilikuwa kumtoa mtoto mikononi mwa wazazi ili kile wazazi walichokijua kiishie kwao. Kiboko kilikuwa nyenzo tu. Serikali ya Canada iliomba radhi bungeni Juni 2008, baada ya shule ya mwisho kufungwa katika miaka ya 1990. Kufikia wakati huo, wapo waliokuwa wamezeeka bila kuweza kuzungumza na mama zao.

Sisemi kwamba Kenya ilikuwa Canada. Hapa bweni lilikuja kwa sura nyingine, na ndiyo sababu halikutiliwa shaka. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilianzisha shule za bweni Narok, Kabianga, Kapsabet na kwingineko, kwa hoja kwamba wafugaji huhamahama na nyumba zao ziko mbali. Kuanzia miaka ya 1970 serikali huru nayo ikajenga shule za msingi za bweni katika maeneo kame kwa hoja hiyo hiyo. Leo, ukipita barabara kuu kutoka Naivasha hadi Nakuru, kisha ukaendelea hadi Molo, mabango ya akademi za bweni yanakufuata njia nzima. Wazazi wanalipa karo wenyewe, hawalazimishwi na askari. Ati mtoto akilala shuleni atapata alama nzuri, hatahangaika na matope, hatachezacheza.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona basi Kikipsigis na Kinandi havikufa katika mabweni ya Kabianga na Kapsabet? Swali zuri. Mabweni hayo yalijaa watoto wa lugha zinazosikilizana, kwa hivyo usiku taa zikizimwa walisemezana kwa lugha zao. Si hivyo tu. Jina lenyewe "Kalenjin", lenye maana ya "nawaambia", lilishika kasi katika miaka ya 1940 miongoni mwa wanafunzi wa jamii hizo waliokutana Alliance, kisha redio ikalisambaza. Bweni lile lile linalolaumiwa kwa kuua lugha lilisaidia kuzaa utambulisho mpya wa mamilioni ya watu. Hapa ndipo nawaomba wahakiki watulie kidogo. Bweni haliui kila lugha. Linazichekecha. Kubwa zinabaki juu ya chekeche, tena zinakuwa kubwa zaidi. Ndogo zinapita kwenye matundu.

Kiogiek ni mojawapo ya zilizopita kwenye matundu. Wanaisimu hukiweka katika kundi la lugha za Kikalenjin, na kinasaba hawajakosea. Lakini neno "lahaja" likitoka katika kitabu cha isimu na kuingia katika ofisi ya elimu, hugeuka kuwa kisingizio. Kwa nini tuchapishe vitabu vya Kiogiek wakati Kikipsigis kipo? Kwa nini tutafute mwalimu Mwogiek wakati yule wa Kericho anasikika? Sensa ya 2019 iliwahesabu Waogiek 52,596. Sensa hiyo iliuliza watu kabila lao, haikuwauliza wanaongea nini na watoto wao mezani. Kwa hivyo tunajua idadi ya wenye jina, hatujui idadi ya wenye lugha. Watafiti wameshaonyesha jinsi pengo hilo linavyoweza kuwa pana. Kikundi cha Waogiek wa Kinare, upande wa mashariki wa Bonde la Ufa, kiliingia katika Kikuyu, na katika atlasi ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini jina Kinare limo pamoja na Okiek na Sogoo.

Msamiati wa Kiogiek umefungamana na kazi ambayo haifanyiki darasani. Waogiek ni warina asali. Msitu wa Mau una kanda za miinuko mbalimbali, na kila ukanda huchanua kwa wakati wake, kwa hivyo mrina hupanda na kushuka akiyafuata maua. Maneno ya miti, ya nyuki, ya mizinga, ya hali za asali na za hewa, hujifunzwa kwa miguu. Maua hayo hayafuati kalenda ya Wizara ya Elimu. Mzee mmoja wa Mariashoni aliwahi kunisimulia jinsi mjukuu wake, anayesomea bweni mjini, anavyokuja likizo Aprili, Agosti na Desemba akiwa na Kiingereza cha kumwaga, lakini akitumwa kwenye mti fulani anarudi mikono mitupu kwa sababu jina la mti lenyewe halijui. Mzee hakuwa akilalamikia tabia ya mtoto. Alisema kijana ni mtiifu na ana bidii. Alikuwa akieleza tu kwamba hawezi kumtuma.

Tufanye hesabu nyepesi. Mwaka wa masomo nchini ni takriban miezi tisa. Mtoto akiingia bwenini akiwa na miaka sita na kukaa huko miaka minane, atakuwa amelala shuleni miezi 72, yaani miaka sita kati ya minane. Hiyo ndiyo miaka ambayo mtoto hupanua msamiati wake, hujifunza methali, mafumbo, utani, na namna ya kumwambia mkubwa jambo zito bila kumkosea adabu. Hakuna disk inayoweza kufanya uharibifu wa kiasi hicho. Disk huwekwa chini kengele ya jioni ikilia. Bweni halina kengele ya jioni ya kwenda nyumbani.

Kuna jambo la pili ambalo usomaji wetu wa Ngũgĩ hulificha. Katika kitabu chake pande ni mbili: Kiingereza upande huu, lugha ya Mwafrika upande ule. Katika Mau pande ni nne au tano. Mwaka 1933 Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter ilipendekeza kwamba watu iliowaita "Wandorobo", wakiwemo Waogiek, wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa waliyohusiana nayo. Yaani wamezwe. Pendekezo hilo lilihusu ardhi, lakini mantiki yake imehamia katika sera ya lugha na kukaa kitako. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza mtoto afundishwe kwa "lugha ya eneo" katika madarasa matatu ya kwanza, na msamiati huo umeendelea kutumika hadi katika mtaala wa umilisi ulioanza 2017. Nia ilikuwa njema. Ila Njoro, Molo na Kuresoi kuna Wakikuyu, Wakipsigis, Waogiek na wengineo. Ni nani atakayeamua lugha ya eneo ni ipi? Idadi ndiyo itakayoamua. Na idadi ikiamua, Mwogiek mdogo anaingia darasa la kwanza akakuta "lugha ya mama" anayofundishwa ni ya mama wa jirani.

Nasema haya nikiwa mwalimu wa Kiswahili, na siwezi kukiacha Kiswahili nje ya kizimba. Mtoto wa Nessuit akilazwa katika bweni la jiji la Nakuru, usiku hasemi Kiingereza na mwenzake wa kitanda cha juu. Wanasema Kiswahili, na Sheng kwa wingi. Kiswahili kimetupa taifa, kimetupa uwezo wa kununua mboga Wakulima Market na kushtaki kortini bila mkalimani, na sitaacha kukipigania. Lakini katika bweni hilo ndicho kinachojaza pengo. Utetezi wa lugha za kiasili unaoitaja dhambi ya Kiingereza tu na kunyamazia ya Kiswahili na ya lugha kubwa za jirani ni utetezi wa nusu. Anayetaka kuwatetea Waogiek kwa hoja za Ngũgĩ hana budi kuziongezea hoja hii ambayo Ngũgĩ, kutokana na mahali alipotoka, hakulazimika kuikabili.

Kuna pingamizi mbili nzito dhidi ya kauli yangu, na si haki kuzipita kimya.

La kwanza ni Wayaaku wa Mukogodo, kule Laikipia. Hawa nao walikuwa wawindaji na warina asali. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 waliacha lugha yao, ambayo ni ya jamii ya Kikushi, wakahamia Kimaasai. Hawakupitia bweni wala disk. Waliingia katika ufugaji na ndoa za mahari ya ng'ombe, na Kimaasai kikaja na ng'ombe. Je, si ushahidi kwamba lugha hufa hata bila shule? Ni ushahidi, nakubali. Lakini angalia kilichobaki. Utafiti wa Matthias Brenzinger, uliochapishwa 1992, ulionyesha kwamba sehemu ya msamiati wa Kiyaaku ilidumu ndani ya Kimaasai cha watu hao, hasa ule wa mazingira na wa maisha yao ya zamani kama vile ufugaji wa nyuki. Lugha ilikufa, ila maneno ya kazi yalinusurika kwa kuwa watoto walibaki mahali pa kazi hiyo. Bweni halitoi hata nafasi hiyo. Humhamisha mtoto kutoka kwenye lugha, na kutoka kwenye msitu unaoihitaji lugha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Bweni limewaokoa watoto wengi. Kwa msichana wa Narok au Baringo anayekimbia kukeketwa au kuozwa akiwa na miaka 13, bweni ni kimbilio, na mtu akimwambia arudi nyumbani kwa sababu ya methali atakuwa amemkosea. Kwa familia iliyokumbwa na ukame, bweni ni sahani ya chakula. Kwa Waogiek waliofurushwa msituni mara kwa mara, shule ya bweni mara nyingine ndiyo anwani pekee isiyohama. Ndiyo maana sikushangilia mwishoni mwa 2022 Wizara ya Elimu ilipotangaza nia ya kuondoa bweni kwa madarasa ya kwanza hadi ya tisa. Kufuta bweni bila kujenga shule ya kutwa ambayo mtoto anaweza kuifikia kwa miguu ni kumnyang'anya mwavuli kabla mvua haijaisha.

Hoja yangu basi si kwamba mabweni yabomolewe. Ni kwamba bweni lihesabiwe. Tunapopima gharama ya shule tunahesabu karo, sare, godoro na sanduku la chuma. Lugha haimo katika orodha ile. Ikiwekwa humo, mzazi na serikali watajua wanalipa nini.

Na sheria ya kuwashinikiza serikalini ipo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za Wakenya, na kifungu cha 56 kinataja bayana kwamba makundi madogo na yaliyotengwa yasaidiwe kukuza lugha zao. Zaidi ya hayo, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek, ikiwemo haki yao ya utamaduni. Katika hukumu ya fidia ya 23 Juni 2022, mahakama hiyo iliamuru Waogiek watambuliwe kikamilifu kuwa watu wa asili, na utambuzi huo ujumuishe lugha yao. Magazeti yetu yaliandika sana kuhusu ardhi na mamilioni ya fidia. Kuhusu lugha yaliandika mstari mmoja, kama yaliandika. Wasomi wa lugha nasi tuliuachia mstari huo wanasheria.

Utambuzi wa lugha si cheti cha kutundika ukutani. Ningetaka uanze na mambo madogo yanayotekelezeka. Fomu ya kumsajili mtoto shuleni iulize lugha inayosemwa kwao, si kabila pekee. Sensa ijayo ifanye hivyo hivyo. Neno "lugha ya eneo" lisomwe upya katika kaunti za Nakuru, Narok na Baringo, ili shule yenye watoto Waogiek iruhusiwe kuwa na kipindi cha Kiogiek hata wakiwa wachache, na mzee au mama anayekijua alipwe kukifundisha hata kama hana shahada. Shule za bweni zinazopokea watoto hao ziwape wikendi za kwenda nyumbani katika misimu ya asali, si likizo za mwisho wa muhula peke yake. Na Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho kiko Njoro, pua na mdomo na Nessuit, kina kila sababu ya kuifanya lugha hiyo kuwa somo la utafiti wa kudumu, wenyeji wakiwa watafiti wenza na si watoa data tu.

Kwa wahakiki wenzangu nina ombi moja. Tuendelee kumsoma Ngũgĩ, tena kwa bidii, kwa sababu hakuna aliyetufunza kuona jeraha la disk kama yeye. Lakini tumsome tukiwa tumesimama mahali petu. Dawa aliyotuandikia, yaani tuandike kwa lugha zetu, inamfaa mwenye lugha yenye Biblia, redio, magazeti na wasomaji. Kwa Kiogiek kuna hatua inayotangulia uandishi. Kabla hajazaliwa mwandishi wa Kiogiek, lazima awepo mtoto anayeota ndoto kwa Kiogiek, na ndoto hizo huota mizizi mahali anapolala usiku.